Mzee Mwenye Kofia Hasafiri, Msimhesabu

Nyangeta, kichwa ngumu wa baba yako,

Nimekaa huku nyuma ya nyumba, kwenye kile kigoda ulichoniambia nikitupe, naandika kabla jua halijazama kwa sababu macho yangu na taa waligombana zamani. Ndani nakusikia unakunja nguo na kuzikunjua. Mama yako anakufundisha kuishi Dodoma, mji ambao hajawahi kuukanyaga lakini anaujua wote: upepo wake, maji yake, wezi wake. Kwa hiyo habari za kufunga mlango, kula kwa wakati na kutoazimisha sufuria sitazigusa. Hata kuku wa humu wameshazikariri.

Mimi nataka tuongee kuhusu hiyo Gari Iko Wapi yako, ile ramani ya magari ya kwenye simu, ambayo unataka kuiua.

Jana tukiwa tunakula ulisema, bila hata kunitazama, "Baba, alfajiri ya kuondoka naizima ile huduma. Nafuta kila kitu. Watu wa huku hawastahili." Halafu ukaendelea kutoa miiba kwenye samaki kama mtu aliyesema leo kuna mawingu. Nikanyamaza. Na mimi nikinyamaza ni ugonjwa, ndiyo maana mama yako akanigusa paji la uso. Sikunyamaza kwa hekima, usije ukanisingizia. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakubaliana na wewe, na nilipokubaliana na wewe nikaisukuma sahani pembeni.

Maana wanatia kinyaa kweli, watu wa huku. Nimekaa nao muda mrefu kuliko wewe. Basi niache nianze na yule anayetia kinyaa kuliko wote, ambaye ndiye ameshika kalamu.

Kazi yangu unaijua. Shuleni ulikuwaga unaandika "baba: mkulima", na mwalimu anakubali, kwa sababu nani angeandika "baba: abiria"? Lakini nilikuwa abiria, mwanangu, abiria wa kulipwa, pale stendi ya Bunda, na katika kazi yote ile sikusafiri kwenda popote. Gari ya kuja huku Nyamuswa haiondokagi mpaka ijae. Na mtu wa kwetu hapendi gari tupu. Akiona haisi haina mtu anajiuliza wenzake wamejua nini ambacho yeye hajakijua, anaondoka zake. Basi wapiga debe wanaweka watu ndani, wa kukaa tu. Mimi nilipewa siti ya mbele. Turubai, yule mkubwa wa wapiga debe ambaye jina lake la ubatizo hata mama yake amelisahau, alinitazama siku ya kwanza akafurahi.

"Mzee una sura ya msiba," akasema. "Mtu akikuona hapo mbele anajua gari hii inawahi."

Nikanunua kofia. Mkoba nikaujaza maganda ya mahindi ili uonekane wa safari. Nakaa, nakunja uso, natazama saa iliyokufa. Wakishapanda abiria wa kweli kadhaa, sisi tunaanza kushuka mmoja mmoja. Huyu anakwenda kukojoa, yule amesahau dawa, mimi nakohoa natoka kutema mate. Haturudi. Tunakwenda kupanda gari inayofuata, na wale tuliowaacha wanabaki kutazama siti zetu zikiwa bado zina joto.

Joto lile ndilo lilikuwa bidhaa yangu. Niliuza joto la makalio kwa watu waliokuwa wanawahi hospitali, wanawahi mazishi, wanawahi mitihani. Na usidhani nilikuwa nalia usiku. Nililala vizuri, unakumbuka nilivyokuwa nakoroma. Nilikuwa nasema moyoni: kila mtu anadanganya. Dereva anasema naondoka sasa hivi. Abiria anapiga simu nyumbani anasema niko njiani, wakati bado anajipaka mafuta. Mwenye gari anasema breki mpya. Mimi peke yangu sisemi kitu, nimekaa tu, kwa hiyo mimi ni afadhali. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo, akili ya darasa la nne lililorudiwa mpaka nikaota ndevu.

Na gari yenyewe! Haisi iliyosimama juani tangu asubuhi inatoa jasho kama mtu. Siti ina kitambaa ambacho rangi yake hakuna anayeikumbuka. Chini pana ganda la ndizi, maji ya samaki, na kitu fulani cha mtoto wa mtu. Mbele pana kibandiko kinasema Mungu ni mwema. Ni mwema, ndiyo, ila hajapanda hiyo gari.

Ukarudi kutoka chuo Mwanza, wewe na wenzako na simu zenu, na swali la kijinga kabisa: gari iko wapi? Mkawaambia watu, atakayeona gari aseme. Imesimama wapi, imekaa kuanzia saa ngapi, konda anataka nauli gani, na hasa inapitia wapi. Kwa sababu gari ya kutoka hapa Nyamuswa kwenda Musoma inaweza kupitia Bunda ishike lami, au ipitie Butiama, na hakuna aliyekuwaga anakuambia ni ipi mpaka umeshalipa na umeshakaa na kuku wako mapajani. Watu wakaanza kutuma. Ninyi mkaziweka habari zote kwenye ramani ya simu, wazi, mtu yeyote aone, mtu yeyote achukue, na akikuta uongo asahihishe. Wasio na simu ya kupangusa mkawabandikia karatasi kila asubuhi, stendi, zahanati na mlango wa kanisa.

Nilicheka. Nikasema huyu mtoto amekwenda chuo kusomea umbea.

"Umbea unasemwa pembeni, baba," ukanijibu. "Huu unasemwa mbele ya mwenyewe."

Turubai hakucheka. Aliing'oa karatasi ya stendi, akaja nayo mpaka hapa nyumbani ameikunjakunja mkononi.

"Mzee, binti yako anatuharibia kazi."

"Mwambie mwenyewe, si huyo hapo anachambua mchele."

"We binti, nani amekutuma kuzisema gari za watu?"

"Wanaozipanda," ukasema, hata kichwa hukuinua. "Kaa basi, kaka, unywe chai."

Akakaa. Akanywa chai yangu, akala viazi vyangu, akakushukuru wewe. Halafu akaondoka na kikombe cha mama yako, akaenda kuing'oa na ya zahanati.

Kisha ikaja siku ya mama yako. Naisimulia mwenyewe kwa sababu wewe unaisimuliaga vibaya, unaruka samaki, na samaki ndio kila kitu. Alikuwa ametoka Makoko, kule ziwani, alfajiri na ndoo ya sato na furu, anakuja kuuza kwenye mnada wetu. Kufika Bunda akapanda haisi ya Nyamuswa, siti ya nyuma, ndoo katikati ya magoti. Siti ya mbele nimekaa mimi na kofia yangu. Hatukusalimiana. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ndoa yetu: nyumbani mume na mke, stendi hatujuani.

Jua likapanda. Barafu ikawa maji, maji yakawa supu. Turubai huko nje anaimba, "Nyamuswa mmoja, Nyamuswa huyo mmoja tu!" na ndani sisi wa maonyesho tumetulia kama picha za watakatifu. Nikaanza kuisikia ile harufu. Unajua samaki ana dakika yake, ile anayoacha kuwa chakula anaanza kuwa maiti. Nilijua ni samaki wa nyumba yangu. Nilijua ni ugali wangu wa jioni ndio unaoza nyuma ya kisogo changu, na anayeuzuia usiondoke ni mimi, kwa kukaa. Nikavuta kofia mpaka puani. Ikanuka kofia.

Nikasimama nikamwambia konda nakwenda kukojoa. Nyuma nikasikia sauti ya mama yako, ile ya chini, ya hatari.

"Nenda tu, mzee. Ukojoe vizuri."

Kumbe ameshanipiga picha. Kisogo changu, kofia yangu, mkoba wangu wa maganda, ameituma kwenye Gari Iko Wapi, na chini yake ameandika: "Huyu mzee mwenye kofia ni mume wangu. Hasafiri. Msimhesabu."

Ilisomwa mpaka Butiama. Nilikwenda huko kwenye msiba, mtu simjui wala hanijui ananiamkia, "Shikamoo, mzee hasafiri." Na ikawa kama mama yako amefungua bomba. Yule wa koti la kijani hasafiri. Yule mama wa mwavuli hasafiri. Huyo kijana usingizi wake ni wa uongo, mdomo uko wazi lakini jicho linaona. Haikupita muda stendi nzima tulikuwa tumevuliwa nguo. Watu wakawa wanachungulia simu kwanza, wanajua ndani kuna wangapi wa kweli, wanakwenda kukaa zao kivulini. Dereva mmoja akachoka kusubiri, akatangaza saa yake ya kuondoka, na akaondoka kweli. Abiria wakamfuata yeye. Wa pili akamwiga kwa wivu. Samaki wa mama yako wakaanza kufika wakiwa samaki.

Hivyo ndivyo mlivyoniua kazi, wewe na mke wangu huyo. Nilinuna msimu mzima wa pamba. Lakini kilichonikera zaidi kilikuwa kingine. Nilikuwa nimeishi uzee wote nikiamini uongo wa stendi hauna dawa, kwa sababu ni wa kila mtu, kama mafua. Kumbe ulikuwa unasubiri mwanamke mmoja mwenye ndoo na hasira, na mahali pa kusemea. Miaka yote ile hasira zilikuwepo, ndoo zilikuwepo. Pa kusemea ndipo hapakuwepo.

Hapo mngetulia. Lakini ninyi wasomi mna ugonjwa wa kupenda ofisi. Mkataka orodha ya gari zenye kibali na njia zake, muilinganishe na zile ambazo watu wanaziona kwa macho. Ukanichukua nikusindikize kwa bwana anayetoa vibali hivyo, nikafurahi, nikavaa kofia. Bwana yule sitamtaja, na nisingeweza, hakutupa hata jina. Alikuwa na kijiti mdomoni, na mezani sahani ya mifupa ya kuku imefunikwa gazeti, nzi wanaingia na kutoka kama wana miadi. Akasikiliza maneno yako yote mazuri. Akatoa kijiti, akakikagua, akakirudisha.

"Hizo ni nyaraka za ndani."

"Njia za magari, mheshimiwa?"

"Za ndani."

Gari inapita barabarani mchana! Inapiga honi, ina jina la Yesu kwenye kioo, mbuzi wanaikimbia, watoto wanaipungia mkono, na njia yake ni siri. Nilitaka kutapika juu ya ile mifupa. Akatuambia ombi limepokelewa, linafanyiwa kazi, akaangalia mlango ili na sisi tuuangalie. Wewe ulitoka umeuma midomo. Mimi nilichelewa kidogo kutoka, kwa sababu nilikuwa namtazama alivyokaa. Ule mkao naujua. Uso umekunjwa, saa inatazamwa, mtu anayewahi na haendi. Nikamwambia, "Kwaheri, mwenzangu." Hakuelewa.

Huko kazini uendako utapewa kiti, na kiti kina meza, na meza ina droo, na kwenye droo wataweka habari za watu. Sikuambii kitu juu ya hilo. Ila siku ukijisikia kiti kina joto sana na hakuna aliyefika mahali, unikumbuke.

Haya. Sasa tufike Kwa Masatu, maana najua ndipo unapoumwa.

Ulisema vituo vya kwenye ramani vichaguliwe na wananchi wenyewe. Nakumbuka ule mkutano, darasani pale shuleni, sisi wazee tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yanagusa masikio. Ukasimama na simu yako ukauliza kwa adabu, gari isimame wapi? Aibu gani ile! Mwalimu mstaafu akasema kituo kiwe kwake. Mama wa maandazi akasema kwake. Katekista akasema kanisani, halafu akainuka tena akasema na kingine nyumbani kwa katekista. Hakuna aliyesema pale ambapo gari inasimama. Na wewe, kwa kila mzee aliyeinuka, ukainama na kuingiza. Ukajaza ramani vituo mpaka ikawa kama ngozi ya mgonjwa wa surua.

Nikaona nisipitwe. Nikasimama nikasema, "Kwa Masatu." Kilabu cha pombe, kwenye njia ya zamani, ambako gari haijapita tangu wachonge barabara mpya. Walevi wenzangu wakapiga makofi.

Ukanitazama. "Baba, huko gari zinapita?"

"Unanibishia mbele ya watu?"

Ukainamisha macho. Ukaingiza.

Nimelifikiria jambo hilo kuliko hata ile kofia. Kukaa kwenye siti za watu ilikuwa njaa, na njaa naijua. Lakini mimi ndiye niliyekufundisha, tangu ukiwa unatambaa, kwamba mzee akisema mtoto anyamaze. Nilikuchapa kwa hilo. Nikakufundisha vizuri mpaka ukafaulu, halafu siku ulipokuwa unajua na mimi najua kuwa nasema upuuzi, nikavuna. Gari haisomi shikamoo, Nyangeta. Inapita inakopita.

Mavuno yakamwangukia shangazi yako Wakuru. Dada yangu mkubwa, jicho moja limeanza kuziba, ana siku yake ya kliniki Musoma ambayo ameingojea kwa muda mrefu. Mjukuu akamwangalizia kwenye ramani: bibi, kituo cha karibu ni Kwa Masatu. Akaenda asubuhi, amevaa kitenge cha umoja wa akina mama wa kanisa. Mvua ikaanza. Akakaa kwenye benchi la kilabu kwa sababu ndipo penye bati. Walevi wakamsogelea nafasi, wakamheshimu, wakamletea kibuyu apashe mwili. Akakataa, wakadhani anaona haya, wakaleta kikubwa zaidi. Gari ya Musoma ikapita barabara mpya, hata muungurumo hakuusikia. Saa za kliniki zikapita. Na katekista, kwa bahati ya shangazi yako, akawa anatoka shambani, akamwona pale na kibuyu mbele yake.

Alikuja hapa analowesha sakafu, ananuka pombe ambayo hakuinywa. Mimi hakunitazama. Alikutazama wewe.

"Mtoto wa mdogo wangu umenikalisha na walevi," akasema. "Jicho hili likifa, ni lako."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Ningesema kituo kile ni changu. Nilikuwa natafuta kiatu chini ya kiti, na viatu vyote nilikuwa nimevaa.

Siku hiyo hiyo kwenye simu wakakutukana. Watu waliopandishwa gari na wewe, waliofikishwa na wewe, wakakuita tapeli. Mmoja akasema unalipwa na wazungu kuwapotosha wazee. Ukaizima ile simu ya kazi, ukaifunga kwenye soksi, ukaanza kuandika maombi ya kazi Dodoma, na mpaka leo hujaifungua. Wenzako wamekuja mara nyingi kukuuliza, unasema unaumwa kichwa. Na ufunguo wa hiyo ramani, hilo neno la siri au mnaliitaje, unao wewe peke yako, ukifuta umefuta.

Basi sikiliza, maana wewe ulifunga lakini simu ya mama yako haijafungwa, na kila jioni ananisomea wewe ukiwa umejifungia chumbani.

Wa kwanza alikuwa shangazi yako mwenyewe. Kesho yake tu. Alimwamuru mjukuu ashike simu, akaongea kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe: "Mimi Wakuru. Kwa Masatu si kituo. Nimekaa pale, najua. Aliyepaweka ni mdogo wangu, mnamjua, yule asiyesafiri. Paondoeni."

Watu wakapaondoa, maana kusahihisha hakuhitaji ufunguo. Masatu naye akaandika kuthibitisha: gari kweli haipiti, ila pombe ipo. Halafu mama wa maandazi akasema na yeye kwake si kituo, alikuwa anatafuta wateja. Mwalimu mstaafu akaandika maelezo marefu yenye herufi kubwa, mama yako alilala katikati, lakini mwisho wake alikuwa anaondoa cha kwake. Katekista akaondoa cha nyumbani, akang'ang'ania cha kanisani, akabishiwa na watoto wa komunyo, akakiondoa. Vikashuka kimoja kimoja, mwanangu, kama tulivyokuwa tunashuka sisi kwenye haisi. Vikabaki vile ambavyo gari inasimama kweli: zahanati, njia panda, kwa fundi baiskeli. Hakuna aliyewaamuru. Waliona haya kwa sababu imesemwa mbele yao.

Na shangazi yako alipewa siku nyingine. Alisimama kwa fundi baiskeli, watu wakasema leo inapitia Butiama, ikapitia Butiama, akafika Musoma kabla daktari hajanywa chai. Jicho wameliwahi, halitakufa. Kukushukuru hatakushukuru. Mpaka anakwenda kaburini atasema ulimkalisha na walevi. Ndivyo tulivyo.

Wala usidhani nakuambia wamekuwa wema. Juzi tu Turubai ameingia humo kwa jina la kike anasema gari imejaa inaondoka sasa hivi, mama yako akamjibu, "Turubai, rudisha kikombe changu." Bado wananitia kinyaa. Asubuhi nikijitazama kwenye beseni la maji naona bado kinyaa kipo. Ulisema hawastahili, na ni kweli, mimi wa kwanza sistahili. Lakini kama ingekuwa ya wanaostahili, ingebaki na mama yako peke yake, na hata yeye ndoo yake ina furu wa leo juu na furu wa jana chini. Sikuombi uwapende. Nenda zako Dodoma na kinyaa chako, kitakutunza. Ila ufunguo waachie wenzako. Yule msichana wa Nyasura anayebandika karatasi anafaa, Turubai anamwogopa.

Na mzee mwingine akikuambia Kwa Masatu, huko au huku, mwambie hapana. Uanze na mimi. Unaweza kuanza leo, nikija kuweka barua hii juu ya begi lako nitakuambia jambo lolote la kipuuzi, ujaribu.

Kesho nakusindikiza mpaka Bunda kwenye basi lako. Nitapanda haisi ya kwanza hapa Nyamuswa, siti ya mbele, na kofia ile ile, sina nyingine. Nimelipa nauli tayari, muulize konda, alidhani namtania. Najua itakavyokuwa. Watu watachungulia, wataniona, watacheka, watahesabu abiria waliomo na kuniruka mimi. Na mimi nitakuwa nimekaa pale nakupeleka mwanangu mbali, safari ya kweli kuliko zote nilizowahi kukalia, na hakuna atakayejua.

Mama yako anabaki na kuku. Ameniambia ataandika kwenye simu gari ikishaondoka, na maneno anayo tayari, amenisomea akiwa anageuza samaki: "Mzee mwenye kofia leo anasafiri. Anamsindikiza binti yetu. Mhesabuni."

Naomba akitaka kuandika, akute pa kuandikia.

Baba yako,
wa siti ya mbele